Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya mapumziko kwenye mteremko unaotazama bahari

SWALI

Ndugu mtaalamu wa ujenzi, mimi na mume wangu tunaishi Tabata, Dar es Salaam, lakini asili ya mume wangu ni Mtwara. Baba mkwe ametugawia kiwanja Mikindani, upande wa juu wa mji mkongwe, chenye upana wa mita 25 na urefu wa mita 40. Barabara inapita upande wa juu, ardhi inashuka kuelekea kaskazini, na ukisimama barabarani unaiona ghuba yote. Mpima ardhi ametuambia kwamba kutoka barabarani hadi mpaka wa chini kuna tofauti ya kimo ya mita 8. Tunataka nyumba ya vyumba vitatu vya kulala kwa ajili ya likizo za Juni na Desemba, na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, awe anakaa nasi bila taabu. Mkandarasi tuliyemwendea anashauri tulete katapila, tusawazishe eneo lote, tujenge ukuta wa mita 3 upande wa chini wa kushikilia kifusi, kisha nyumba ikae juu ya uwanja huo. Anasema hiyo ndiyo njia rahisi. Je, tumsikilize? Na nyumba itakayokuwa imefungwa miezi mingi ya mwaka ina mahitaji gani ya pekee?

Mama wa watoto watatu, Tabata

JIBU

Dada yetu wa Tabata, hongera kwa kupata kiwanja hicho, na hongera zaidi kwa kuuliza kabla katapila halijafika. Ushauri huo msiufuate. Kushuka mita 8 katika urefu wa mita 40 ni sawa na mita 1 kwa kila mita 5, na mteremko wa kiasi hicho hujengeka vizuri sana ukiachwa ulivyo. Matatizo huanza pale unaposawazishwa, nami nitayaeleza kwa kirefu kwa sababu viwanja vya namna hii ni vingi katika pwani ya kusini, na katapila ndilo wazo la kwanza la watu wengi.

Vilima vinavyoizunguka Mikindani kwa sehemu kubwa ni mchanga mwekundu uliochanganyika na changarawe, na mwamba wa matumbawe unaukuta zaidi ukikaribia maji. Mchanga huo ukiwa haujaguswa, umeshikwa na mizizi ya mikorosho na nyasi, hustahimili mvua miaka na miaka. Ukichimbwa na kumwagwa upya kama kifusi hupoteza mshikamano wake, na hata ukishindiliwa kwa mashine hauwi tena sawa na ardhi ya asili. Nyumba iliyokaa nusu juu ya ardhi iliyokatwa na nusu juu ya kifusi kwa kweli imekaa juu ya ardhi mbili tofauti: nusu ya juu imetulia, nusu ya chini inaendelea kushuka kidogo kidogo kwa misimu kadhaa, na ufa hutokea pale pale ardhi hizo mbili zinapokutana, aghalabu ukipita katikati ya sebule na kupanda ukutani hadi kwenye linta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya milango na madirisha. Ufa wa namna hiyo hauponi kwa kuzibwa na plasta, kwa kuwa kinachousababisha kiko chini ya sakafu.

Sasa tuutazame huo ukuta wa mita 3. Tuchukue maji peke yake, tuuache udongo pembeni. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wenye kimo cha mita 1, kila mita moja ya urefu wa ukuta husukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa nusu tani. Kimo kikiwa mita 2, nguvu hiyo inakuwa tani 2, na kikiwa mita 3 inafikia tani 4 na nusu; yaani kimo kikiongezeka mara tatu, msukumo huongezeka mara tisa. Kiwanja chenu kina upana wa mita 25, kwa hiyo usiku mmoja wa mvua kubwa, ikiwa vitundu vya kutolea maji vimeziba, ukuta huo utakuwa unasukumwa na zaidi ya tani 110 za maji, na udongo wenyewe bado hatujauhesabu. Upande wa pili wa ukuta, chini yake, kuna nyumba za watu wa mji mkongwe. Hili ndilo linalonifanya nisisitize: anayejenga juu ya mteremko hujenga pia juu ya vichwa vya majirani zake, na ukuta ukianguka hautawaangukia ninyi, maana siku hiyo mtakuwa Tabata.

Mahali panapohitaji kweli kuzuiwa udongo, jengeni kuta fupi zisizozidi mita 1, kila moja ikiwa mbali na ya chini yake kwa angalau mara mbili ya kimo chake, nyuma yake pakiwa na tabaka la kokoto na bomba lenye matundu la kuyapeleka maji pembeni. Kuta tatu fupi zikipangwa hivyo hubeba mzigo mdogo kuliko ukuta mmoja mrefu, na hata mmoja ukipata hitilafu madhara yake hayafiki mbali.

Nyumba yenyewe ishuke pamoja na ardhi. Napendekeza muigawe mabawa mawili. Bawa la juu, lililo karibu na barabara na sakafu yake ikilingana nayo, liwe na sebule, jiko, choo na bafu, baraza pana, na chumba cha mama mkwe. Mzazi mwenye magoti mabovu ashuke kwenye gari, atembee hatua chache mahali pa sawa, afike kitandani kwake, chooni na barazani bila kupanda wala kushuka hata ngazi moja. Mara nyingi nimeona chumba cha mzee kikiwekwa chini ati kwa sababu kuna utulivu, kisha mzee mwenyewe akashinda humo peke yake huku wengine wako juu wanazungumza. Bawa la chini liwe la vyumba vyenu viwili vilivyobaki, sakafu yake ikiwa mita 1.5 chini ya ile ya juu, na kati ya mabawa hayo kuwe na ngazi tisa zenye kimo cha takriban sentimita 17 kila moja, pamoja na kishikio imara pande zote mbili.

Bawa hilo la chini liwekwe pembeni ya lile la juu, lisiwe mbele yake. Fanyeni hesabu: paa la bawa la chini likiwa na kimo cha mita 4 kutoka sakafu yake, kilele chake kitakuwa mita 2.5 juu ya sakafu ya baraza yenu, na mtu aliyekaa au hata aliyesimama hapo ataona mabati badala ya ghuba. Mna mita 25 za upana, nazo zinatosha kuyasogeza mabawa kwa mshazari ili kila moja lipate bahari yake. Msingi wa kila bawa ukatwe kwa ngazi kuufuata mteremko, ukifika kwenye ardhi ya asili kila mahali, na sehemu ya mbele ya baraza ibebwe na nguzo za zege, ardhi iliyo chini yake ikiachwa na majani yake.

Jua na upepo vya Mikindani vina tabia ambayo mchora ramani wa Dar es Salaam anaweza asiifikirie. Mji huo uko takriban nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Februari hadi karibu tarehe 20 Oktoba jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, upande ule ule wa ghuba mnayotaka kuitazama. Mwezi Juni, mtakapokuwa huko na watoto, jua hilo la adhuhuri huwa na kimo cha nyuzi 56 hivi. Mlango wenye kimo cha mita 2.4 utakuwa kivulini wote ikiwa kingo ya paa imetokeza mita 1.6 mbele yake, kwa hiyo baraza ya mita 2 inatosha na kuzidi. Baraza hiyo itawafaa pia Desemba, kwa kuwa katika pwani ya Mtwara mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili au Mei, wakati wa upepo wa kaskazi, na mvua hiyo husukumwa moja kwa moja kwenye uso wa nyumba unaotazama bahari.

Upepo wa kusi ni habari nyingine. Katika miezi ya Mei hadi Septemba unavuma kutoka kusini mashariki, yaani kutoka mgongoni mwa kilima chenu. Nyumba iliyochomekwa ndani ya kilima, ukuta wake wa nyuma ukigusana na udongo, haiupati kamwe. Hubaki na unyevu nyuma na joto ndani, na ukungu huanza kupanda nyuma ya makabati. Acheni nafasi ya wazi isiyopungua mita 2 kati ya ukuta wa nyuma na ardhi iliyokatwa, na muweke madirisha ya juu upande huo, ili kusi iingie nyuma na kutokea barazani. Nafasi hiyo hiyo ndiyo itakayokuwa njia ya mfereji wa kukinga maji yanayoshuka kutoka barabarani.

Nimefika kwenye maji, na hapa ndipo ningependa mtumie fedha zenu kwanza, kabla ya vigae na kabla ya milango ya vioo. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwa saa moja juu ya paa la mita za mraba 150 huleta lita 7,500, ambazo ni ndoo 375 za lita 20. Zikimwagwa mahali pamoja kwenye mchanga ule mwekundu, msimu wa kwanza zitachimba kijifereji, msimu wa pili korongo. Wekeni mifereji ya paa kote, maji yote yaingie kwenye tangi, na ziada ya tangi ipelekwe kwa bomba hadi kwenye mtaro uliojengwa kwa mawe. Mtwara hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, hivyo paa lenu linaweza kuwapa zaidi ya lita 100,000 hata baada ya kutoa zinazopotea, na kwa nyumba ya likizo hayo ni maji mengi. Tangi likikaa kando ya bawa la juu, chini ya kingo ya paa, maji yatashuka yenyewe hadi kwenye bafu za bawa la chini bila pampu. Karo na shimo la kunyonya maji machafu viwe upande wa chini wa nyumba, mbali na mpaka wa jirani na angalau mita 30 kutoka kisima chochote, na chini kabisa mpande mistari ya nyasi za vetiva, zenye kushika udongo, ikikingama mteremko. Ghuba ya Mikindani imezungukwa na nchi, mlango wake ni mwembamba, kingo zake zina mikoko, na watu wanavua humo. Haifai kugeuzwa mwisho wa bomba la choo la mtu.

Kuhusu nyumba itakayofungwa: fikirini kwamba mnaijengea miezi ambayo hampo. Nyumba iliyofungwa kabisa pwani huoza kwa ndani. Juu ya kila dirisha na kila mlango wa ndani wekeni matundu ya hewa yasiyozibika, yenye wavu wa mbu, ili hewa ipite hata kufuli zikiwa zimefungwa. Shata za mbao zenye luva ni bora kuliko vioo vitupu, maana hulinda na kupumua kwa wakati mmoja. Bawaba, kitasa na komeo viwe vya shaba nyeusi au chuma cha pua. Vya chuma cha kawaida vilivyopakwa rangi huliwa na chumvi upesi, na kitasa kilichoshika kutu ndicho kitakachowapokea Desemba usiku, watoto wakiwa wamelala garini. Makabati ya jiko yajengwe kwa zege na kufungwa milango ya mbao ngumu, kwa sababu mbao za kubandikwa huvimba kwa unyevu na mchwa huzipenda. Tengenezeni njia ya mchwa kuonekana: msingi uinuke angalau sentimita 40 juu ya ardhi, na ukuta huo usizibwe na maua, ili mlinzi akizunguka na tochi aone vichuguu vikipanda. Mlinzi huyo naye apewe chumba cha heshima chenye dirisha na choo, kiwemo kwenye ramani tangu mwanzo; yeye ndiye atakayekaa hapo kuliko ninyi nyote, na ndiye atakayesafisha mifereji ya paa mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijaanza.

Zege la pwani lina masharti yake. Msikubali mchanga wa ufukweni wala maji ya bahari yachanganywe na saruji hata kwa siku moja, kwani chumvi hiyo huila nondo kutoka ndani na zege hupasuka miaka michache baadaye. Nondo za msingi na nguzo zifunikwe na zege lisilopungua sentimita 5. Kabla ya yote hayo, chimbeni mashimo ya majaribio matatu, juu, katikati na chini ya kiwanja, ya kina cha mita 2 hadi 3, na mhandisi aingie ayaone mwenyewe.

Ramani zichorwe na mbunifu majengo aliyesajiliwa, mahesabu ya msingi na kuta yafanywe na mhandisi aliyesajiliwa, na kibali cha ujenzi kiombwe Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nyumba yenu iko juu, haiguswi, lakini kama mtashawishika kununua kipande cha chini ili mjenge kibanda cha kuogelea, hapo sheria hiyo itawahusu.

Mkifika huko, pandeni mpaka kwenye Boma la Wajerumani la mwaka 1895, mtazame unene wa kuta zake na jinsi lilivyosimama juu ya mteremko likiuangalia mji. Kisha teremkeni mzione nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa. Mtajifunza mengi kuhusu kivuli ndani ya nusu saa hiyo.

SWALI

Mimi ni msomaji wenu wa Kilifi, Kenya. Shamba letu linaishia kwenye jabali la matumbawe lililo juu ya bahari, kama mita 9 hivi. Wanangu wanataka vyumba vya wageni viwe ukingoni kabisa ili mtu aamke akiona maji. Tukae mbali kiasi gani?

Mzee wa Kilifi

JIBU

Mzee wetu, shikamoo. Kabla hujapima kwa juu, shuka chini maji yakiwa yamekupwa, siku za bamvua, ukalitazame jabali kwa chini. Utaona kwamba mawimbi yamelikata jabali usawa wa maji na kuacha uvungu, na sehemu ya juu imening'inia bila kitu chini yake. Pima uvungu huo unaingia ndani kiasi gani. Mimi huanza kwa kujumlisha kimo cha jabali na kina cha uvungu, na hapo ndipo mahali pa karibu kabisa pa kuweka ukuta. Kwako, ikiwa uvungu una mita 3, usijenge karibu zaidi ya mita 12, na mhandisi akisema isogezwe nyuma zaidi umsikilize.

Matumbawe pia yana mapango yasiyoonekana kwa juu. Chini ya kila nguzo patobolewe kwanza kwa tindo ndefu au mashine, ili kuhakikisha mwamba ni mzima. Shimo la kunyonya maji machafu halifai hapo, kwa sababu matumbawe hayachuji kitu, maji hupita na kutokea baharini yalivyo. Tumieni tangi lililozibwa pamoja na kitalu cha kusafishia maji kilichopandwa matete. Ofisi za kaunti na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ziulizwe mapema, ramani ikiwa bado ya penseli. Wanao waambie kwamba kitanda kikiinuliwa na dirisha likishushwa, bahari itaonekana vizuri kutoka mita 12.

SWALI

Ninajenga nyumba ndogo ya kupumzikia mlimani Lindi. Mke wangu anapenda makuti, fundi anataka bati. Kwa upepo wa huku kwetu, lipi ni salama?

Msomaji wa Lindi

JIBU

Ndugu yetu, swali lako lina uzito kwa sababu Lindi inavijua vimbunga. Kile cha Aprili 1952 kiliupiga mji wenu, Kenneth cha Aprili 2019 kilitua kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara, na Hidaya kilifika pwani yetu Mei 2024. Nyumba iliyo mlimani hupata upepo mkali kuliko iliyo bondeni, kwa kuwa upepo huongeza mwendo unapopanda mteremko.

Makuti yakisukwa vizuri kwenye paa la mwinuko wa nyuzi 40 au zaidi yanapitisha hewa na yanapoza nyumba kuliko bati lolote, lakini hushika moto upesi, yanahitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kwa nyumba isiyo na mtu hilo ni jukumu kubwa. Ushauri wangu ni bati juu ya nyumba, makuti juu ya baraza. Paa la nyumba liwe la migongo minne, ambalo upepo huliteleza kuliko lile la migongo miwili, na bati liwe la geji 28 lililofungwa kwa skrubu badala ya misumari, kwa sababu msumari huvutika ukatoka. Kenchi zifungwe kwenye mkanda wa zege kwa nondo au vipande vya chuma vilivyomwagiwa zege tangu mwanzo. Waya wa kufungia peke yake usiukubali.

Paa la baraza lijengwe peke yake, likiwa na nguzo zake, lisiwe mwendelezo wa paa la nyumba. Upepo hupenda kuingia chini ya baraza na kuinua, na paa hizo zikiwa kitu kimoja, baraza ikiondoka huondoka na nyumba nzima. Zikiwa mbalimbali, utapoteza makuti na fito, na mkeo atapata mapya kwa mafundi wa Lindi kabla ya mwezi kwisha.